Sauti Nje ya Mashine: Tafakari juu ya Adapta ya USB katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Adapta ya sauti ya USB ni kifaa kidogo, aghalabu kisichozidi kidole gumba kwa urefu, ambacho huchomekwa katika tundu la USB la kompyuta au la mashine ya gemu na kuipatia mashine hiyo njia nyingine ya kutoa na kupokea sauti, mbali na ile iliyojengewa ndani yake kiwandani. Upande wake mmoja una kichwa cha kuchomekea. Upande wa pili, kwa kawaida, una matundu mawili ya milimita 3.5, la kijani kwa ajili ya hedifoni au spika na la waridi kwa ajili ya maikrofoni. Na katikati hukaa chipu ambayo kazi yake ni kuzigeuza tarakimu kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka, na kuugeuza mkondo wa namna hiyo kuwa tarakimu pale sauti inapotoka nje kuingia ndani. Mafundi huiita saundi kadi ya nje, na hakuna anayeionea fahari. Hata hivyo, ikitazamwa kutoka mahali palipo mbali na maduka makubwa, adapta hii hubeba swali zito kuliko umbo lake: katika mashine, ni kiungo kipi ambacho mtumiaji anaruhusiwa kukibadilisha, na ni nani aliyeitoa ruhusa hiyo?

Kata ya Chiwanda ni mahali panapofaa kuuliza swali hilo. Iko katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kusini mwa Mbamba Bay, ndani ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na mpaka wa Msumbiji hauko mbali nayo. Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018 kupitia njia ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako, na kuupumzisha mkoa uliokuwa ukitegemea zaidi jenereta za dizeli. Barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay nayo imeifanya safari ya kutoka milima ya Umatengo hadi ufukweni kuwa nyepesi hata wakati wa masika. Umeme na lami vinapofika mahali, nyuma yake hufuata runinga, sabufa, kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika kwingine na mashine za gemu zilizopita mikononi mwa watu kadhaa. Lakini vipuri vya mashine hizo haviji kwa kasi hiyohiyo, wala fundi mwenye vifaa vya kufungulia bodi zake hakai kila kijiji. Kwa hiyo, katika mwambao kama huu, ubora wa mashine hupimwa kwa jambo ambalo matangazo ya biashara hulitaja kwa nadra, nalo ni hili: sehemu yake moja ikifa, je, mashine nzima hufa pamoja nayo?

Tundu la hedifoni la kompyuta mpakato ni mfano mzuri wa kifo cha namna hiyo. Katika kompyuta nyingi tundu hilo limechomewa kwa lihamu juu ya bodi kuu, yaani lile bamba ambalo sakiti zote muhimu zimepangwa juu yake, na kila mara waya unapovutwa au kukanyagwa, nguvu ya mvuto huo huishia kwenye vichomeo vyake, mpaka kimoja kinapopata ufa na sikio moja la hedifoni likanyamaza. Ndani ya tundu mna pia kinasio kidogo kinachoiarifu mashine kwamba hedifoni imechomekwa. Chembe za mchanga au kutu ikikigandisha katika hali hiyo, spika za kompyuta hukaa kimya ingawa ni nzima, kwa sababu mashine inaamini kwamba sauti imekwisha pelekwa kwingine. Kuponya ugonjwa huo kwa njia ya kawaida kunataka kuifungua mashine, kuyeyusha lihamu bila kuunguza vilivyo jirani, na kupata tundu lenye umbo lilelile. Adapta ya USB haiponyi chochote. Inachofanya ni kuifanya sehemu iliyokufa isihitajike, kwa kuwa kompyuta huiorodhesha kama chombo kipya cha sauti kando ya kile cha zamani, na mtumiaji akikichagua katika mipangilio ya sauti, mashine iliyodhaniwa kuwa bubu husema tena.

Kuiweka sauti nje si uzushi wa siku hizi, maana sauti haikuwa kiungo cha asili cha kompyuta. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo kompyuta nyingi za leo zimefuata nasaba yake, ilikuwa na kispika cha kutoa milio ya tahadhari tu, na aliyetaka muziki alilazimika kununua kadi ya kupachika ndani ya kasha. Kampuni ya AdLib ya Kanada ilitoa kadi yake mwaka 1987, na mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore, chini ya mwanzilishi wake Sim Wong Hoo, ikatoa Sound Blaster, kadi iliyounganisha muziki, sauti iliyorekodiwa na mahali pa kuchomeka kidhibiti cha michezo, kwa kuwa wachezaji wa gemu ndio waliokuwa tayari kulipia sauti kabla ya watu wa ofisini kuiona haja yake. Mwaka 1997 Intel ilitangaza mpango wa AC'97, ambao uliwezesha kazi hiyo kufanywa na chipu ya bei ndogo juu ya bodi kuu, na tangu hapo kile kilichokuwa kipuri kikawa kiungo: hakinunuliwi peke yake, na pia hakibadiliki peke yake. USB, iliyozaliwa mwaka 1996, ndiyo iliyofungua tena mlango wa kutokea.

Kinachopita katika mlango huo chaweza kuhesabiwa. Sauti hewani ni mgandamizo unaopanda na kushuka, ambao maikrofoni huugeuza kuwa volti zinazopanda na kushuka vivyo hivyo. Chipu huzipima volti hizo mara nyingi katika kila sekunde na kukiandika kila kipimo kama namba. Adapta ya kawaida hupima mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani kwa kuchagua ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Idadi ya vipimo imetokana na mipaka ya sikio, kwa kuwa sikio la kijana husikia hadi mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde, na ili wimbi liweze kujengwa upya kutokana na vipimo vyake ni lazima lipimwe zaidi ya mara mbili katika kila mtetemo. Ndiyo maana hata santuri za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, zilichagua vipimo 44,100. Kwa masikio mawili, mzigo wote ni biti 1,536,000 kwa sekunde, ilhali USB ya kasi ya zamani hubeba biti milioni 12 katika muda huohuo. Njia ni pana kuliko mzigo, kwa hiyo tatizo la sauti si uzito wake. Tatizo lake ni wakati.

Waliobuni USB walilitambua jambo hilo, wakaitenganisha mizigo kwa tabia zake. Faili linalokwenda kwenye flashi husafirishwa kwa utaratibu wa kukagua na kurudia: kipande kikifika kimeharibika, hutumwa tena mpaka kifike salama. Sauti husafirishwa kwa utaratibu mwingine, ambamo katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde hutengwa nafasi maalumu kwa ajili yake, na kwa hesabu iliyotajwa juu nafasi hiyo hubeba baiti 192. Kipande kikiharibika njiani hakirudiwi, kwa sababu kitakaporudi wakati wake utakuwa umekwisha pita. Hesabu ya mauzo ya kahawa ya chama cha msingi huko Mbinga yaweza kuchelewa nusu saa bila kumdhuru mkulima, ila tarakimu moja ikipotea hesabu nzima imeharibika. Pigo la ngoma lililorekodiwa laweza kupoteza chembe yake moja bila msikilizaji kujua, lakini likichelewa limekwisha kuwa pigo jingine. Kuna kweli za aina mbili hapa, ile isiyovumilia kosa na ile isiyovumilia kuchelewa, na chombo chema ni kile kinachojua kimebeba ipi.

Suala la wakati lina upande wa pili, ambao ni kutokubaliana kwa saa. Kompyuta ina saa yake, na adapta nyingi zina kipande cha kioo kinachotetema ndani yake na kuzipa saa ya pili. Na saa mbili, hata zikitoka katika kiwanda kimoja, hazilingani kabisa. Tofauti ya sehemu 50 tu katika milioni, ambayo ni ya kawaida kwa vioo vya bei ndogo, huzaa ziada au upungufu wa vipimo 2.4 katika kila sekunde, na baada ya saa moja pengo hilo hufikia vipimo 8,640, yaani karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Ndiyo sababu anayerekodi kwa maikrofoni ya chombo kimoja huku akisikiliza kupitia chombo kingine huweza kuanza wimbo sawasawa na kuumaliza akiwa amepishana nao. Adapta zilizobuniwa kwa uangalifu huiarifu kompyuta itume vipimo zaidi au pungufu. Nyingine huifuata kompyuta na kurekebisha mwendo wao wenyewe. Kwa vyovyote vile, upatano hupatikana kwa kuteua saa moja kuwa kiongozi, na huo ni uamuzi wa utawala kabla ya kuwa uamuzi wa ufundi.

Kutoka katika utawala wa saa, hoja hufika kwenye utawala mpana zaidi. Mwezi Machi 1998 kampuni zinazosimamia USB zilitoa waraka unaoeleza jinsi chombo chochote cha sauti kinavyopaswa kujitambulisha kinapochomekwa: kina njia ngapi za sauti, kinapima mara ngapi kwa sekunde, kina kidhibiti cha ukubwa wa sauti au hakina. Chombo kinachojieleza kwa kufuata waraka huo hakihitaji draiva yake, yaani programu ya pekee ya kukitambulisha kwa mfumo, kwa sababu mfumo tayari unayo programu moja ya kuhudumia vyombo vyote vya kundi hilo, awe ni nani aliyevitengeneza. Waraka uliboreshwa mwaka 2006 kwa ajili ya kasi kubwa zaidi, na Windows haikulipokea toleo hilo la pili kikamilifu hadi mwaka 2017; lakini adapta ndogo inayofuata maneno ya mwaka 1998 inaendelea kutambuliwa na Windows, na Linux, na kompyuta za Apple, na simu nyingi za Android. Kwa mtu wa Chiwanda maana yake ni kwamba halazimiki kununua bando ili apakue draiva, wala kumtafuta mtengenezaji asiyejulikana alipo. Kinachomhudumia ni makubaliano ambayo hakuyatia saini na ambayo hakuna awezaye kumnyang'anya.

Wazo kwamba kinachosafiri mbali zaidi ni utaratibu, kuliko chombo chenyewe, si geni katika mwambao huu, kwa maana ndilo lililoizaa ngoma yake mashuhuri. Ngoma ya mganda, ambayo upande wa Malawi ndugu yake huitwa malipenga, ni tawi la ukoo mkubwa wa beni ambao mwanahistoria Terence Ranger aliuchunguza katika kitabu chake cha mwaka 1975, na chimbuko lake ni bendi za kijeshi ambazo vijana wa Afrika Mashariki walizifahamu katika enzi ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Matarumbeta ya shaba yalikuwa mali ya serikali, na hayakuletwa ufukweni. Wachezaji wakalichukua gwaride, vyeo, mistari iliyonyooka na mgawanyo wa sauti za juu na za chini, wakavitia katika vibuyu vya ukubwa mbalimbali ambavyo kila kimoja kina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji huimba ndani ya kibuyu, utando hutetema, na sauti ya mtu hutoka ikiwa na ukali wa tarumbeta. Utando ukichanika hubandikwa mwingine, na kibuyu hubaki kilekile. Bendi nzima ilihamia ziwani bila shaba hata moja, kwa sababu utaratibu wake ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye jicho na sikio. Adapta inayofuata waraka wa wazi inasimama katika desturi hiyo: thamani yake haimo katika madini yake, imo katika kanuni ambayo yeyote aweza kuitekeleza kwa alichonacho.

Mashine za gemu ndizo zinazoonyesha kwa ukali zaidi tofauti kati ya kanuni iliyo wazi na ile iliyofungwa, kwa kuwa zote zina matundu ya USB yanayofanana, ilhali hazina ukarimu unaofanana. PlayStation 2, mashine ya mwaka 2000 iliyodumu kwa miaka mingi katika vibanda vya gemu vya Afrika Mashariki, ina matundu mawili ya USB mbele yake, lakini kifaa cha sauti kikichomekwa humo hakiungwi mkono na mashine yenyewe. Kila gemu ilipaswa kubeba draiva yake, kama ilivyofanya ile ya SOCOM ya mwaka 2002 iliyouzwa pamoja na hedifoni ya USB, na kwa gemu zisizo na draiva hiyo sauti hutoka kwa waya mwekundu na mweupe kwenda kwenye runinga au sabufa. PlayStation 4 ya mwaka 2013 na PlayStation 5 ya mwaka 2020 huipokea adapta ya kawaida bila ubishi, na katika PlayStation 4 mtumiaji huamua katika mipangilio kama hedifoni itapata sauti zote au mazungumzo ya wachezaji peke yake, jambo ambalo wengi hulisahau na kudhani kwamba kifaa ni kibovu. Nintendo Switch ilizinduliwa Machi 2017 bila uwezo huo, kisha ikaupata kwa sasisho la programu la Oktoba mwaka huohuo, ushahidi kwamba tundu lilikuwapo tangu mwanzo na kilichokosekana kilikuwa ridhaa. Xbox One na warithi wake hutumia lugha yao wenyewe ya sauti, inayotolewa kwa leseni, na adapta ya kawaida ikichomekwa humo hukaa kimya. Mwenye mashine hiyo hubaki na tundu la hedifoni lililo kwenye kidhibiti cha mkononi, na tundu hilo likivunjika, hana budi kununua kidhibiti kingine au hedifoni yenye kibali.

Mtengenezaji anayefunga mlango huweza kuwa na sababu zake, kama vile kuhakikisha ubora au kupunguza malalamiko, na kwa mteja anayeishi karibu na duka la kampuni sababu hizo huenda zikamtosha. Lakini gharama ya mlango uliofungwa haigawanywi sawasawa. Kadiri mtu anavyokaa mbali na duka ndivyo anavyotegemea zaidi kubadilisha kitu kimoja kwa kingine kilicho karibu, na ndivyo kanuni iliyofungwa inavyomgharimu, si kwa fedha tu, bali kwa safari ya kwenda Mbinga au Songea na kwa mashine inayokaa rafuni bila kazi. Umbali, kwa mtazamo huu, haupimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa pia kwa idadi ya vitu ambavyo vikiharibika haviwezi kupata mbadala.

Sifa hizi zisichukuliwe kuwa sifa za usikivu bora, kwa maana adapta ya bei ndogo haina ahadi hiyo. Ni kweli kwamba ndani ya kasha la kompyuta mikondo ya feni na ya chipu ya picha huvujia katika nyaya za sauti na kuleta michakaricho, na kwamba kuitoa kazi ya kugeuza sauti nje ya kasha huisogeza mbali na vurugu hilo. Lakini adapta hunywa umeme uleule wa volti 5 unaotoka ndani ya mashine, na umeme huo ukiwa mchafu uchafu huja nao. Kompyuta iliyo kwenye chaji na sabufa zikichomekwa zote ukutani, mara nyingi huzuka mvumo mzito wa mitetemo 50 au 100 kwa sekunde, ambao chanzo chake ni umeme wa njia kuu kuzunguka kupitia waya wa sauti, na ambao hukoma pale kompyuta inapoachwa itumie betri yake. Kwenye nyumba za sola, inveta za bei ndogo ambazo wimbi lake halikulainishwa huzaa mlio mkali zaidi. Tundu la waridi nalo limetengenezwa kwa ajili ya maikrofoni ndogo inayotoa sehemu chache za elfu za volti; anayelichomekea waya unaotoka kwenye mikisa ya kwaya, wenye nguvu inayokaribia volti nzima, hupata sauti iliyopasuka, na kosa hilo halitokani na adapta.

Pamoja na mipaka hiyo, vipimo 48,000 vya biti 16 vinatosha kuhifadhi kwaya, hadithi ya mzee au ngoma ya mganda kwa namna ambayo kizazi kijacho kitaisikia bila kubahatisha maneno. Hugh Tracey, aliyesafiri na mitambo yake ya kurekodi katika nchi za eneo hili na kuanzisha mwaka 1954 maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, alihitaji gari zima kubeba mitambo ya kazi ambayo leo hubebwa na kompyuta mpakato, adapta na maikrofoni moja. Tofauti kubwa zaidi ni mahali pa kuamulia: wakati ule ilibidi mgeni aamue kwamba sauti fulani inastahili kuhifadhiwa, na nakala ikaenda kuwekwa mbali na waimbaji, ilhali sasa uamuzi huo waweza kufanywa na katibu wa kwaya au na kiongozi wa ngoma, na faili likabaki pale wimbo ulipo. Ufundi umekwisha kuwa rahisi; kinachotakiwa sasa ni utaratibu wa kuandika nani aliimba, lini, na kwa ruhusa ya nani.

Tundu la kijani huibua tafakari nyingine, kwa kuwa linampa mtu mmoja sauti ambayo zamani ilikuwa ya wote. Katika vibanda umiza, ambamo filamu huonyeshwa kwa kiingilio kidogo, sauti imekuwa mali ya hadhira nzima kiasi kwamba walizuka wafasiri wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, na Kapteni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kama Lufufu, akapata umaarufu kwa kazi hiyo. Katika kibanda cha gemu vilevile, kelele za uwanja bandia huchanganyika na kelele za wanaosubiri zamu. Adapta na hedifoni humtoa mchezaji katika mchanganyiko huo: jirani hulala, mwanafunzi husoma, na mchezaji hupata sauti isiyochelewa, tofauti na hedifoni nyingi za Bluetooth ambazo hukawia kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hata hivyo, pamoja na faragha huondoka ulinzi ambao jamii iliutoa bila kukusudia, yaani mtu wa kusema kwamba sauti imezidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba usikilizaji wa desibeli 80 usizidi saa 40 kwa wiki, na kwa kila ongezeko la desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, hivi kwamba kwa desibeli 89 hubaki saa 5 tu. Adapta ya kawaida haihesabu saa hizo, na seli zenye vinyweleo zilizo ndani ya sikio zikifa haziwezi kubadilishwa kwa kifaa cha kuchomeka.

Hapo ndipo mpaka wa hoja nzima unapoonekana. Mashine inaweza kupewa sauti ya pili kwa sababu watu walikaa, wakaandika kanuni, wakaiacha wazi. Mwili wa binadamu hauna kanuni ya namna hiyo, kwa hiyo kila kinachoufikia kinapaswa kudhibitiwa kabla ya madhara. Vitu viwili hivi vinadai tabia mbili tofauti kutoka kwa mtumiaji na kwa wenye mamlaka. Kwa upande wa sikio, panatakiwa mafunzo ya shuleni na ya nyumbani kuhusu kiwango na muda. Kwa upande wa mashine, panatakiwa desturi ya kuuliza, kabla ya shule, parokia, ofisi ya kata au mwenye kibanda kulipa fedha yake, kama kifaa hicho hupokea vyombo vinavyofuata kanuni ya wazi au hudai vyenye kibali cha mtengenezaji. Swali hilo halihitaji shahada ya ufundi, na jibu lake huamua kama mashine itakayoharibika tundu moja itaendelea kuwa mali ya aliyeinunua au itageuka kuwa deni kwa aliyeitengeneza.